Kunywea

Wiki ya kwanza hatukugusa mashine.
Tulipewa tupa na kipande cha chuma cheusi,
Mwalimu Mghoi akasema: kisawazisheni
mpaka mwanga usipite chini ya rula.
Siku nne. Viganja vikaota malengelenge,
Shee Lali akauliza hiki ni chuo au kifungo,
na mwanga, kwa kiburi chake, ukaendelea kupita.

Karakana yetu iko Changamwe, nyuma ya ghala la mchele.
Malori ya bandarini yakipita, sakafu hutetemeka
na mwenye kukereza huinua mkono, hungoja.
Nimejifunza kungoja hivyo,
kisu kikiwa unywele mmoja tu kutoka kwenye chuma.

Kerezo lina sauti zake.
Likiguna, umekata kina kuliko haki yako.
Likipiga mluzi, kisu kimechoka.
Likinong'ona kama mtu anayepeta mchele,
usikohoe, usiitike hata ukiitwa.

Baba yangu, Ndurya, anauza maji Mikindani.
Mkokoteni mmoja, mitungi ishirini ya manjano,
na kati ya hiyo, kumi na mmoja haina vizibo.
Ameiziba kwa nailoni, kwa magunzi,
mmoja kwa soksi yangu ya darasa la sita.
Njia inapopanda, mitungi hutema,
mgongo wake huloa,
na hufika kwa mteja na mtungi pungufu
akapokewa kwa maneno kamili.

Basi mtihani wa mwisho uliposema
tubuni kalibu ya kitu chochote,
wengine walichora vifungo, vitana, vibanio vya nguo.
Mimi nilipima shingo ya mtungi usiku
kwa kalipa ya kuazima,
Baba ameshika kurunzi, haulizi.

Siku kumi na moja nilikata kalibu hiyo.
Hesi za ndani zilinitoa machozi mara mbili.
Kisha tukamwaga chembe za plastiki, mashine ikala moto,
ikadunga.
Kizibo cha kwanza hakikujaa: nusu mwezi.
Cha pili kikatoka na ndevu ukingoni.
Cha tisa kikatoka safi, kinang'aa,
nikakifunga kwenye pindo la leso hadi nyumbani.
Hakikuingia.

Mwalimu Mghoi hakucheka.
"Ulipima nini?"
Shingo ya mtungi.
"Na moto, uliupima?"
Akanieleza: plastiki ikipoa hunywea,
hii yetu, mbili na robo katika mia.
Kalibu hukatwa kwa ukubwa wa kitu
kabla hakijapoa.

Nikaliandika neno hilo daftarini, nikalitazama.
Kunywea.
Kata ni ya kunywea, na mtu pia hunywea.
Neno moja, ndani yake maji na kukosa maji.
Nikaikumbuka picha ya harusi chumbani kwetu,
koti limebana mabega ya Baba.
Koti lile lile sasa ndilo linalomvaa yeye.
Hilo sikuliandika.
Niliandika: ongeza mbili na robo.

Tundu la kalibu unaweza kulipanua.
Kiini cha kati, hapana.
Chuma kilicholiwa hakitapikwi.
Nikaanza kiini kipya.

Baba aliuinamisha mtungi kizingitini, mdomo chini.
Tukangoja. Jirani akapita, akasalimu,
hatukumwitikia vizuri.
Saruji ikabaki kavu.
Akapapasa ukingo wa kizibo kwa ukucha,
akaukuta mstari pale kalibu ilipofumbana.
"Hapa pana mshono."
Nikasema huo utabaki.
Akafungua, akafunga,
akafungua tena, akafunga.

Halafu akauendea mtungi wa pili,
akachomoa ile soksi, akanikabidhi
ikiwa bado yachuruzika.
"Bado kumi," akasema.